Mdhamini wa Wazima Moto

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla jua la Kisumu halijawa kali, alizunguka mjini na ufunguo mrefu wa chuma begani, akifungua mabomba ya moto yaliyo kando ya barabara. Kazi hiyo haikuwa yake. Walikuwako vijana wa kuifanya, na stesheni kulikuwa na daftari lililosema mabomba yote ni mazima. Daftari hakuliamini. Alifungua bomba, akangoja, akatia kiganja kwenye maji kama anayepima homa ya mtoto, kisha akafunga na kwenda kwenye bomba lingine. Likitoa upepo na kutu, alilipiga teke, akalitukana kwa Kijaluo na kulichorea msalaba wa chaki.

"Bomba lililopakwa rangi si bomba lenye maji," alikuwa akisema. Aliwaambia hivyo vijana wa kazi, wenye maduka, hata mchungaji wetu alipomaliza kupaka kanisa rangi mpya.

Jina lake sitalitaja. Katika nyumba za wazima moto nilikokulia, wakubwa kwa wadogo tulimwita Mdhamini. Alikuwa mzima moto kama baba yangu, mwenye cheo cha kuongoza gari moja na watu wake, ila jina hilo alilipata kwa kazi nyingine. Wafanyakazi walikuwa na mfuko wa uzeeni. Kila mwezi mshahara ulikatwa kidogo, mwajiri akaongeza sehemu yake, na fungu lote likawa chini ya wadhamini watano: watatu wa upande wa wakubwa, wawili wa upande wa wafanyakazi. Hao watano ndio walioamua pesa zikae wapi mpaka mtu azeeke. Zinunue hati za serikali? Zijenge nyumba za kupangisha? Zilale benki zikizaa? Yeye alikuwa mmoja wa wale wawili.

Alichaguliwa kwa mlolongo. Miaka ile hata wabunge walichaguliwa kwa watu kupanga foleni nyuma ya wamtakaye, na stesheni nao hawakuona sababu ya kutafuta njia nyingine. Mshindani wake alikuwa karani mwenye Kiingereza kizuri. Wazima moto wakasimama nyuma ya Mdhamini hadi mkia wa foleni ukatokea nje ya geti. Nilikuwa bado sekondari. Nilimuuliza Baba kwa nini hawakumchagua mwenye Kiingereza, maana ripoti zote za mfuko ziliandikwa kwa lugha hiyo, na Mdhamini aliisoma kwa kuweka rula chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la tatu.

Baba alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mvua hunyesha kwenda chini.

"Huyu," akasema, "akikwambia ngazi imekaa sawa, unapanda tu."

Jibu hilo halikunitosha. Sijawahi kutoshwa na majibu, na ugonjwa huo ulizidi nilipoingia chuo kikuu kusoma uchumi. Kumwamini mtu kwa sababu ya ngazi ni jambo jema moto ukiwaka. Lakini je, mfuko wa uzeeni ni ngazi? Anayejua kushika mpira wa maji atajuaje kushika uzee wa watu? Nilimuuliza Baba hayo yote, naye akaniambia nikaoshe sufuria.

Nakiri kwamba kwa muda mrefu Mdhamini alinishinda hoja bila kubishana nami. Kuna mwaka ambapo wadhamini waliletewa kiwanja cha kununua, kando ya ziwa, mahali pazuri pa kujenga hoteli. Ramani ilikuwepo, picha zilikuwepo, mwenye kuuza alikuwa na suti ya vipande vitatu. Wenzake walikuwa tayari kutia saini. Mdhamini akaomba siku mbili. Akavaa gambuti za kazini, akabeba ramani, akaenda kwa miguu akihesabu hatua kutoka barabarani. Alipofika katikati ya kiwanja, maji yalikuwa yamempita magoti. Kwenye mkutano hakutoa hotuba. Alitoa kwenye gunia shina la mafunjo, refu, lenye mizizi inayochuruzika tope, akaliweka juu ya meza ya kioo.

"Huyu ndiye mpangaji wetu wa kwanza," akasema.

Kiwanja hakikununuliwa. Kisa hicho kilisimuliwa stesheni miaka na miaka, kikiongezwa chumvi kila mara. Nilipokisikia kwa mara ya mwisho, maji yalikuwa yamemfika kifuani na kulikuwa na kiboko. Lakini kiini chake kilibaki: ukitaka kumdanganya yule mzee, hakikisha kitu chako hakigusiki.

Kuna desturi ya wazima moto ambayo sharti niieleze hapa, maana bila hiyo mtu huyu hataeleweka. Mzima moto akipewa amri, huirudia kabla ya kuitekeleza. Mkubwa akisema, "Fungua maji," kijana hujibu, "Nifungue maji," ndipo anafungua. Ndani ya moshi na kelele, asiyerudia huenda amesikia jambo jingine, na mtu akafa. Mdhamini aliibeba desturi hiyo hadi nje ya moto. Akitoka mkutano wa wadhamini, alipanda kwenye kibao cha kukanyagia cha gari la zima moto, akawasimulia wenzake kwa kichwa yote yaliyoamuliwa, kisha akamnyooshea mmoja kidole: "Rudia." Aliyeshindwa alisimuliwa upya mbele ya watu. Mkewe alituambia, akicheka, kwamba hata akimtuma chumvi, mumewe hujibu, "Nilete chumvi," na hapo ndipo anapoinuka.

Niliona ni kichekesho. Nikaona pia, kwa jicho langu la chuo, kwamba ni namna ya kuwafundisha watu utiifu. Nilikuwa na jicho la aina hiyo wakati ule.

Jioni Mdhamini alicheza ajua, bao la Wajaluo, getini na jirani yetu, sajini mstaafu wa polisi. Hawakuwahi kumaliza mchezo bila kugombana, na ugomvi wao haukuhusu vikete vya ajua. Ulihusu pensheni.

"Sisi polisi hatukatwi hata senti," Sajini alianza siku moja, kama alivyoanza siku zote. "Serikali inatulipa yenyewe. Nyinyi faya mnajilipa wenyewe halafu mnashukuru. Yawa!"

"Serikali inakulipa kutoka wapi, omera?"

"Kutoka hazina."

"Umeiona?"

"Nani ameona hazina?"

"Ndio nakuuliza. Pensheni yako iko mdomoni mwa mtu aliye Nairobi. Akifunga mdomo, umekufa njaa. Yangu iko kwenye sanduku, na mimi ni mmoja wa wenye ufunguo."

"Sanduku huibiwa."

"Na mdomo je? Umestaafu lini wewe? Mbona bado unapanda basi kwenda kuuliza faili lako liko dirisha gani?"

Sajini akasogeza kete, akala tatu. Ni kweli alikuwa akienda Nairobi kila baada ya miezi michache na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo, akirudi na maneno kwamba jalada linatafutwa. Lakini kabla hajaondoka getini jioni ile aligeuka akasema, "Siku sanduku lenu likiibiwa, angalau mimi nitakuwa na mtu wa kumlaumu aliye mbali. Wewe watakulaumu wewe."

Mdhamini alicheka mpaka akakohoa. Nimeufikiria sana mcheko ule.

Wakati mwingine aliyapeleka mabishano hayo mpaka kwa wataalamu. Kila baada ya miaka kadhaa alikuja mtu kutoka Nairobi, kazi yake kupiga hesabu ya umri wa watu: wataishi miaka mingapi baada ya kustaafu, na mfuko utatosha ama hautatosha. Mtu huyo aliwaambia wadhamini kwa furaha kwamba mfuko uko imara, na sababu mojawapo ni kwamba wazima moto hawaishi sana. Moshi huwamaliza mapema.

Mdhamini akainua mkono. "Kwa hiyo tukiacha kufa tutafilisika?"

Yule bwana akasema kitaalamu ndivyo ilivyo.

"Basi nitawaambia vijana wajitahidi," akasema Mdhamini. Aliporudi stesheni alilisimulia jambo hilo juu ya kibao cha gari, wakacheka wote, kisha akawakataza kuingia kwenye moshi bila barakoa. Aliyekamatwa bila barakoa alisimama juani akiwa amebeba mpira wa maji uliojaa. Baba aliwahi kusimama hivyo saa nzima. Mdhamini hakuwa mtu mpole, nisije nikampaka asali. Alikuwa na ulimi mkali na majivuno ya vifungo vyake vya shaba, ambavyo alivisugua kwa majivu na ndimu hadi mtu akajiona humo.

Na mambo yake hayakulingana. Nyumbani kwake mshumaa ulikuwa haramu na jiko lilikaa nje hata mvua ikinyesha, lakini alivuta sigara moja baada ya nyingine, akiwasha kwa kaa alilolishika kwa vidole vitupu. Kwenye mikutano ya wadhamini hakugusa chai ya wakubwa. Alibeba yake kwenye thamosi kutoka nyumbani, akisema chai ya mtu ina mdomo. Lakini katika nyumba za wazima moto alikula kila alikokaribishwa, na alikula sana. Mama yangu, aliyekuwa akileta samaki kutoka Asembo Bay kuja kuuza mjini, alijua kwamba Mdhamini akibisha hodi basi mbuta mkubwa hafiki sokoni. Nilimuuliza mzee tofauti iko wapi. Si samaki naye ana mdomo?

"Samaki wa mama yako akinena," akajibu huku akichambua miiba, "atasema nilinde pesa za baba yako. Hayo ndiyo nataka kuambiwa."

Aliniita Nyar Asembo, binti wa Asembo, kwa kuwa huko ndiko nyumbani kwa Baba. Nadhani alinipenda kwa ajili ya maswali yangu, kwa namna mtu anavyompenda mbwa anayebweka. Na mwanzoni mwa miaka ya tisini alinijia na bahasha.

Chuo kilikuwa kimefungwa baada ya migomo. Nilikuwa nyumbani, ninaandika waraka mrefu wa kuilaani dunia nzima, nami nilijiona nina shughuli kubwa. Mdhamini aliketi kwenye kiti cha Baba, kofia magotini. Akaeleza kwa ufupi. Ilikuwa imefunguliwa benki mpya mjini, yenye vioo vya rangi ya chai, inayoahidi riba ambayo benki za zamani hazikuwahi kuota. Wakubwa walitaka sehemu kubwa ya mfuko ihamie huko. Sheria ya mfuko ilidai saini nne kati ya tano. Tatu zilikwisha patikana. Mdhamini mwenzake wa wafanyakazi alikuwa amekataa kabisa kutia saini bila kusema sababu, na watu wakasema ni ubishi wake tu. Ya nne ilikuwa yake.

"Nisomee hii," akasema, akaniwekea bahasha mezani. "Ni ripoti yao. Rula yangu haiwezi maneno haya. Nataka kujua kama ni watu wazuri. Mkutano ni Ijumaa."

"Nitasoma, Mzee."

Alikuja Alhamisi jioni. Nilikuwa nimesoma jalada la ripoti tu. Jalada lilikuwa na picha ya mtumbwi na maneno kuhusu uaminifu, nami nikaiweka ripoti chini ya waraka wangu nikaisahau. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia nimesahau. Lakini yeye alinitazama kama wanavyomtazama daktari, na mimi nikaona haya, na haya ikanifanya mjanja.

"Mzee," nikasema, nikimrudishia bahasha, "karatasi husema lolote. Si wewe unayesema bomba la rangi si bomba la maji? Nenda ukaone mwenyewe."

Akasimama. Akaweka visigino pamoja, akaweka kofia kichwani. "Nikaone mwenyewe," akasema.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akatoka.

Saini ikapatikana. Pesa zikahama. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri hata Sajini akaanza kuuliza kama polisi mstaafu anaweza kujiunga. Kisha siku moja benki ile haikufungua milango. Watu walisimama nje ya vioo vya rangi ya chai wakijitazama wenyewe ndani yake. Tangazo lilibandikwa kwamba mfilisi ameteuliwa na wenye amana wawe na subira.

Baba alistaafu mwaka huohuo. Alikuwa amepanga kila kitu: nyumba ya matofali Asembo, injini ya mashua ya kukodisha kwa wavuvi, na meno mapya. Alipata sherehe, saa ya ukutani, na barua iliyosema malipo yake yamesimamishwa kwa sasa. Tukahamia Asembo, kwenye nyumba ya udongo ya babu, na ikawa Mama ndiye anayetulisha kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani. Baba akawa anakaa kando ya nyumba akirekebisha kitu kisichoharibika. Siku moja aliinua uso akasema, bila kuulizwa, "Alikula."

Hakuhitaji kusema ni nani. Stesheni nzima ilisema hivyo. Ngazi waliyoambiwa imekaa sawa ilikuwa imewaangusha wote, na mtu hataki kuamini kwamba ngazi ilianguka yenyewe. Walisema alipewa mabati. Walisema alipewa ng'ombe. Hakuna aliyebisha hodi kwake tena, na hakuna aliyemwita Mdhamini ila kwa dhihaka. Alistaafu kimyakimya, bila saa ya ukutani. Na ieleweke kwamba akiba yake mwenyewe ilikuwa humo humo na yao. Hilo halikumsaidia. "Aliificha nyingine," walisema.

Mimi nikaamua kutafuta ukweli. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina muda na hasira. Nikauliza mabati: aliyanunua kwa mkopo wa ushirika, miaka kabla ya benki ile kuzaliwa, na risiti mkewe alikuwa nayo ndani ya Biblia. Nikauliza ng'ombe: hakuna aliyewaona. Nikamwendea yule karani mwenye Kiingereza kizuri, aliyeshindwa kwenye mlolongo, nikijua angefurahi kunipa uchafu wowote. Hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni nakala ya ripoti ya benki, yenye picha ya mtumbwi.

Niliisoma nimeketi kwenye ngazi za ofisi yake. Hata chai aliyoniletea haikuwa imepoa. Karibu na mwisho, kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, kulikuwa na maelezo kwamba sehemu kubwa ya mikopo ya benki imetolewa kwa kampuni za wenye benki wenyewe, bila dhamana. Iliandikwa wazi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi angeiona. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchumi ndiye aliyekuwa amepewa aisome.

Nikarudisha ripoti, nikashukuru, nikaenda zangu. Sikumwambia mtu. Na badala ya kuacha upelelezi, nikauzidisha. Nilizunguka nikiuliza habari za mabati ambayo nilikwisha yajua. Nilitaka awe alikula. Nilitaka sana. Mtu aliyekula hahitaji kusomewa kitu. Ripoti angeisoma au asingeisoma, angetia saini vilevile.

Miaka ikapita. Nikapata kazi ya kufundisha karibu na Maseno, na kila nilipokwenda mjini nilipita Otonglo, soko la kando ya barabara ya Busia. Nilisikia yuko pale, anatengeneza karabai, zile taa za mafuta ambazo wavuvi wa omena huelea nazo ziwani. Nilipita bila kushuka mara nyingi. Mwaka ambao magugu maji yaliziba ghuba hadi mashua zikashindwa kutoka, na Mama akakosa hata omena za kuuza, nilishuka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa chini ya kibanda cha turubai, taa zimepangwa mbele yake kwa safu, na kando yake ndoo mbili za mchanga. Ndoo hizo alikuwa amezipaka rangi nyekundu. Amekonda, ila vifungo vya koti lake kuukuu vilikuwa vinang'aa.

"Nyar Asembo," akasema, kana kwamba nilitoka jana. "Kaa. Usiguse hiyo, ina mafuta."

Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini likatoka moja tu.

"Mzee, walikupa nini?"

Hakukasirika. Aliendelea kuzungusha skrubu ya taa. "Chai," akasema. "Sikunywa."

"Basi kwa nini ulitia saini?"

Akaweka taa chini. Akapangusa mikono, akageuza kiti chake kunitazama, na uso wake ukapata uhai wa ajabu, kama mtu anayesimulia harusi.

"Nilikwenda. Ijumaa asubuhi, kabla ya mkutano. Nilivaa sare, nikawaambia nakuja kukagua. Nyar Asembo, sijaona nyumba kama ile katika mji huu! Mitungi ya kuzimia moto kila ghorofa, kila mmoja una kadi yake, kadi imetiwa saini ya mwezi uleule. Milango inafunguka kwenda nje. Ngazi hazina hata boksi moja. Ndoo za mchanga zimejaa, na mchanga mkavu, niliuingiza mkono hadi hapa. Nikamuuliza askari wa mlangoni, moto ukiwaka utafanya nini? Akanitajia yote kwa mpangilio. Wengine mjini ukiwauliza hivyo wanakwambia, nitakimbia."

"Na bomba?"

"Nililifungua mwenyewe. Lile la mbele ya mlango wao. Maji yaliruka mpaka ng'ambo ya barabara, yakamlowesha muuza magazeti!" Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Nikasema, watu wanaotunza mchanga hivi, watashindwaje kutunza pesa za watu? Nikaenda mkutanoni, nikatia saini."

Basi. Hakukuwa na mabati wala ng'ombe. Maji yalikuwamo kwenye bomba, kweli kabisa, na mzee mmoja aliyakinga kwa kiganja na kuyaamini. Nilitaka kucheka. Sauti iliyotoka haikuwa kicheko.

"Lakini Mzee, benki haikaguliwi hivyo."

"Najua sasa."

"Ungemuuliza mtu."

Akanitazama. Hakuna lawama niliyoiona machoni mwake, na nimeitafuta kila siku tangu siku ile. "Niliuliza," akasema. "Ukaniambia nikaone mwenyewe. Nikarudia."

Lori la mchanga lilipita barabarani, vumbi likatuangukia, akafunika taa zake kwa kitambaa. Nilipaswa kusema wakati ule. Nikasema. Nilimwambia kwamba sikuisoma ripoti, kwamba nilisoma jalada tu, na kwamba baadaye niliiona ile mistari midogo karibu na mwisho. Nilisema haraka, nikitazama ndoo.

Aliinua taa moja, akaitazama, akairudisha kwenye safu.

"Ulikuwa mtoto," akasema hatimaye.

"Sikuwa mtoto."

"Hapana," akakubali. "Hukuwa."

Kisha akainama, akavuta sanduku la vifaa kutoka chini ya meza, na kutoka chini kabisa, chini ya spana na vifuniko vya taa, akatoa bahasha ndefu nyeupe. Ilikuwa imefunguliwa kwa uangalifu kando, kwa wembe. Karatasi nne, Kiingereza, muhuri wa mfilisi. Chini ya mistari michache ya mwanzo kulikuwa na alama nyepesi za penseli, palipopita rula. Nusu ya ukurasa wa kwanza, alama zilikoma.

"Imekuja kwa wote waliochanga," akasema. "Naona neno siku, naona neno mwisho. Nadhani kuna kitu wamepata, na wanataka mtu aandike, la sivyo anaachwa. Sijui. Siwezi kwenda kwao, Nyar Asembo. Nikibisha hodi hawafungui. Baba yako amepata yake?"

Nilikumbuka bahasha nyeupe nyumbani Asembo, juu ya kabati, chini ya ile saa ya ukutani. Baba alikuwa ameiweka pale bila kuifungua, kwa sababu kitu chochote kutoka kwa mfuko kilimpandisha presha. Mama alikuwa ameanza kuitumia kufunika mtungi wa chumvi uliokaa palepale kabatini. Nikafikiria nyumba nyingine zote, za wale waliosimama kwenye mlolongo ule mpaka nje ya geti, na bahasha zao zilizoko juu ya makabati yao.

"Amepata," nikasema.

Akanisukumia karatasi juu ya meza, katikati ya taa. Mikono yake akaikunja magotini. Hakusema tafadhali, wala hakusema kama una nafasi.

"Soma," akasema. "Zote. Mpaka herufi ndogo."

Akangoja. Hakugeukia taa zake, hakuwasha sigara, alinitazama tu kama alivyowatazama vijana wake juu ya kibao cha gari, mpaka nikaelewa anachongoja.

"Nisome," nikasema. "Zote. Mpaka herufi ndogo."